Aliyeshika Ufunguo Si Lazima Awe Mwenye Gari

Ukipita Tudor, Ganjoni au Majengo ukachungulia kwenye nyua za nyumba, hukosi kuliona: gari lililofunikwa turubai, matairi yamelala, majani ya mwarobaini yamejaa juu ya boneti na kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Ukiuliza utaambiwa, "Hilo la marehemu baba." Mazungumzo huishia hapo. Halitembei, haliuzwi, na kila mwaka chumvi ya bahari hulila kidogo.

Mimi nimenunua moja la aina hiyo na kulifufua kwa ajili ya mjomba wangu. Kazi yote ilichukua miezi 16, na mitano kati yake haikuwa ya spana bali ya karatasi. Tangu gari lionekane barabarani, sikai barazani bila mtu kuniuliza: nililipata kwa nani, fundi ni yupi, na je, lile la jirani yetu nalo lafaa? Naandika hapa nijibu mara moja. Nitaeleza ya injini na ya bodi, lakini nitaanza na lile ambalo nusura linitie dhambini na mahakamani kwa pamoja. Gari lililolala lina wenyewe, na mara nyingi hao si yule mmoja anayekuonyesha ufunguo.

Kwa nini Peugeot 504

Mjomba alikuwa na yake. Aliiendesha baina ya Mombasa na Malindi wakati Kilifi bado watu wanavuka kwa feri, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Baba yetu alipofariki, mjomba aliiuza gari hiyo akalipa karo ya watoto wa dada yake. Mmoja wao ni mimi. Yeye mwenyewe hakuwahi kulitaja jambo hilo. Mama ndiye aliyeniambia, nami nikiwa tayari nina wanangu wanaosoma.

Kwa vijana ambao hawakuiona: 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikachaguliwa gari bora la mwaka Ulaya. Dunia nzima zilitengenezwa zaidi ya milioni 3, na baadhi yake ziliunganishwa hapa hapa Kenya. Mashindano ya Safari Rally ilishinda mara mbili, 1975 na 1978. Ndugu yake mkubwa, 404, alikuwa ameshinda mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968. Lakini watu wetu hawakuipenda kwa vikombe. Waliipenda ile ya stesheni wagon yenye safu tatu za viti, kwa sababu ilibeba watu, magunia ya nazi na godoro juu ya keria, ikapita barabara ya mashimo bila kulalamika. Tuliiita Pijo, na kwa matatu za safari ndefu jina hilo lilitosha.

Kuiagiza kutoka nje haiwezekani kwa mtu wa kawaida. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo anayetaka gari la zamani lazima alitafute humu nchini, na humu nchini magari hayo yamo nyuani mwa marehemu.

Nilivyotaka kununua robo ya gari

Nililipata kwa kuulizauliza. Lilikuwa limesimama miaka 19, ndani ya banda la mabati nyuma ya nyumba. Mwenyewe alikwishafariki. Mwanawe mkubwa, kijana mstaarabu, alinifungulia banda, akaniambia bei ni shilingi 160,000. Nilikubali siku hiyo hiyo, nikampa kishanzu cha shilingi 30,000, tukapeana mikono.

Nilipomweleza mjomba kwamba nina shughuli ya kununua gari la fulani, bila kumwambia ni la nani, aliuliza neno moja tu: "Na mama yao amesema nini?"

Sikuwa na jibu. Mama yao nilimwona kibarazani nikamsalimu, nikapita.

Nikarudi kuuliza. Marehemu aliacha mjane, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Wazazi wake walikuwa wametangulia. Mirathi haikuwahi kugawanywa, si gari tu, hata nyumba. Sasa pigeni hesabu pamoja nami kwa faraidhi, madeni na wasia vikiwa vimeshatolewa. Mke mwenye watoto hupata thumuni. Zinazobaki ni thumuni saba, nazo ni za watoto, kila mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke. Wana wawili wana mafungu manne, mabinti watatu wana matatu, jumla saba. Kwa bahati hesabu hiyo yakaa sawasawa: mjane thumuni moja, kila binti thumuni moja, kila mwana thumuni mbili.

Maana yake, yule kijana aliyenifungulia banda alikuwa na robo ya gari. Katika zile 160,000, zake ni 40,000. Ndugu yake ana 40,000. Mama ana 20,000 na kila dada ana 20,000. Mimi nilitaka kununua gari zima kwa mtu mwenye robo, na dada zake hawakujua. Mmoja yuko Muscat, alisikia kutoka kwangu.

Sisemi kijana alikuwa mwizi. Alidhani, kama wengi wetu tunavyodhani, kwamba mtoto mkubwa wa kiume ndiye msemaji wa mali. Lakini hata sheria ya nchi haimpi ruhusa hiyo. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, Sura 160, kinakataza mtu kuingilia mali ya marehemu, ikiwemo kuiuza, bila idhini ya kisheria, na adhabu yake yaweza kufika jela.

Njia iliyonyooka

Kwa Waislamu njia iko karibu. Ibara ya 170 ya Katiba inaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka katika mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Asiye Mwislamu, au familia isiyokubaliana kwenda kwa Kadhi, huenda mahakama nyingine zinazoshughulikia urithi. Popote mtakapokwenda, vitu vinavyoulizwa mwanzo ni vile vile:

- Cheti cha kifo.
- Barua ya chifu inayotaja warithi wote kwa majina.
- Vitambulisho vya warithi.
- Orodha ya mali, gari likiwemo, pamoja na logbook yake.

Mahakama huthibitisha warithi ni nani na mafungu yao, na humtaja msimamizi wa mirathi. Huyo msimamizi ndiye anayeweza kutia saini ya kuuza. Binti wa Muscat alitia saini ridhaa yake kwenye ubalozi wa Kenya kule, akaituma kwa mtu aliyekuwa akisafiri.

Familia ile walikuwa wakiogopa mahakama kwa sababu walidhani wataulizwa mambo ya aibu. Badala yake, suala la gari liliwafungulia suala la nyumba ambalo lilikuwa limekaa kifuani mwa mama yao miaka yote. Mjane aliniambia siku ya mwisho, "Mwanangu, umekuja kununua chuma, umetutoa deni." Kishanzu changu kilihesabiwa ndani ya bei, na kila mmoja alipokea chake kwa mkono au kwa simu, nikashuhudia.

Ushauri wangu kwa mnunuzi ni huu: usitoe hata shilingi kabla hujauliza maswali matatu. Nani amefariki? Aliacha nani na nani? Mirathi imegawanywa? Ukijibiwa "usijali, ni mambo ya nyumbani", ondoka.

Logbook kabla ya boneti

Warithi wakishapatikana, hakikisha gari lenyewe lipo kwenye maandishi. Leo usajili wa magari uko kwa NTSA, na huduma zake hupatikana kupitia eCitizen. Kwa ada ndogo unaweza kuomba rekodi ya gari ukaona limeandikwa kwa nani na kama kuna benki inayolidai. Magari mengi yaliyolala yana logbook za karatasi za zamani, na baadhi hayaonekani kwenye mfumo mpaka faili litafutwe. Ikiwa logbook imepotea, utahitaji ripoti ya polisi kabla ya kupewa nyingine.

Kisha chukua tochi na kitambaa. Tafuta nambari ya chasisi, ifute kutu, uisome herufi kwa herufi na uilinganishe na iliyo kwenye logbook. Fanya hivyo na nambari ya injini. Gari la zamani mara nyingi limewahi kubadilishwa injini, na hilo si kosa, ila lazima liandikwe. Nambari ya chasisi ikiwa imekwaruzwa au haisomeki, usinunue hata ukipewa bure.

Ukishanunua, Sheria ya Trafiki inataka uhamisho wa jina ndani ya siku 14, la sivyo gari haliruhusiwi barabarani. Usilaze jambo hili eti gari bado liko kwa fundi.

Kulitazama kabla ya kulipa

Kwetu pwani adui wa kwanza ni kutu, wala si injini. Injini hupatikana, bodi iliyooza haipatikani. Nenda na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa ili isikwaruze rangi. Ipitishe chini ya milango, kandokando ya magurudumu na chini ya kioo cha mbele. Pale isiposhika, chini ya rangi kuna puti, si bati. Kisha lala chini ya gari na bisibisi. Choma sakafu, sehemu za kutilia jeki na pale springi zinaposhikilia bodi. Bisibisi ikiingia kwenye zulia ni kazi ya kuchomelea. Ikiingia pale springi zinapokaa, rudi nyumbani.

Angalia pia pale chini ya kioo cha mbele ambapo maji ya mvua huteremkia. Gari lililowekwa chini ya mti hujaa majani hapo, maji yakakosa pa kupita, na kuoza huanzia ndani usikokuona. La kwetu liliokolewa na banda. Lingekuwa chini ya mwarobaini, nisingekuwa na la kuandika.

Usikubali liwashwe mbele yako

Muuzaji atakwambia, "Leta betri tu, litawaka." Huenda likawaka kweli, na hapo ndipo linapoharibika. Miaka 19 ya kusimama huacha kutu nyembamba ndani ya silinda na huikausha oili juu ya kila chuma. Ukilizungusha kwa nguvu ya betri, ringi za pistoni hukwaruza au huvunjika.

Namna tuliyofanya ni hii. Tulitoa plagi zote nne, tukamimina ndani ya kila silinda oili iliyochanganywa na dizeli kidogo, tukafunga banda tukaenda zetu kwa wiki moja. Tuliporudi tulizungusha injini kwa mkono, kwa spana kubwa kwenye puli ya mbele, taratibu, mbele na nyuma. Ilisogea siku ya tatu. Baada ya hapo tulimwaga oili ya zamani, tukabadilisha filta, ndipo mambo ya kuwasha yakaanza kuzungumzwa.

Petroli iliyokaa miaka hugeuka kama vanishi na hunuka hivyo. Usiiongezee mpya juu yake. Tulishusha tangi, tukaliosha, tukabadilisha mipira yote ya kupitishia petroli, tukafungua kabureta na kusafisha kila kitundu. Mpira wa zamani waonekana mzima, lakini ukiukunja unapasuka, na petroli ikidondokea injini yenye moto ni janga. Nyaya nazo zilikuwa zimetafunwa na panya. Tulizikagua moja moja, tukaweka fyuzi mpya, na mtungi wa kuzima moto ukawekwa chini ya kiti cha dereva. Mpaka leo upo.

Kosa lililotugharimu

Hapa nitasema kosa, ili mwingine asilirudie. Injini ya 504 haina silinda zilizochongwa moja kwa moja kwenye bloku. Ina slivu, yaani mikebe ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, nayo imesimama ndani ya maji ya rejeta, ikizibwa kwa chini na sili. Kinachozishikilia slivu hizo zisiinuke ni silinda hedi. Ukiiondoa hedi, lazima uzibane slivu kwa bolti na washa kabla hujaizungusha injini hata kidogo.

Fundi wa kwanza alikuwa hodari wa magari ya siku hizi. Alifungua hedi ili asafishe valvu, akazungusha injini bila kubana slivu. Zikainuka kidogo, sili za chini zikaachia. Tulipofunga na kuwasha, injini iliitika vizuri, sote tukapiga kelele za furaha. Siku ya pili nilichomoa kijiti cha kupimia oili nikakuta oili nyeupe kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia. Ikabidi injini yote ishushwe, sili mpya zitafutwe, na kazi ya mwezi mzima irudiwe.

Basi kabla hujampa fundi gari la zamani, usimuulize tu kama anajua magari. Muulize amewahi kulifungua gari la aina hiyo lini. Huyo wa pili, mzee wa gereji ndogo Changamwe, aliposikia jina la gari aliuliza kabla ya salamu kumalizika, "Hedi imefunguliwa?" Nikajua nimefika.

Jambo lingine la injini hii ni feni. Feni ya 504 haizunguki wakati wote. Ina sumaku ya umeme inayoikamatisha injini ikipata joto. Swichi yake ikifa, gari linakwenda vizuri kwenye barabara wazi, halafu linachemka kwenye foleni. Ukikaa mjini kwetu, penye foleni ya feri ya Likoni na joto la Februari, hakikisha feni hiyo inafanya kazi kabla ya kitu chochote cha mapambo. Na fundi akikushauri atoe thamostati "ili injini ipoe", mkatalie. Safisha rejeta, hiyo ndiyo dawa.

Breki na matairi, halafu rangi

Watu huanza na rangi kwa sababu ndiyo inayoonekana. Sisi tulipanga kinyume: gari lisimame kabla halijakwenda, liende kabla halijang'aa.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ni ya unyevu mwaka mzima. Ndani ya miaka 19 yalikuwa yamegeuka maji ya kahawia, na pistoni za breki zimeshikana kwa kutu. Hapo hakuna kubahatisha. Tulibadilisha mipira yote, paipu za mipira, viatu vya nyuma na pedi za mbele, na masta silinda tukaweka mpya. Tulijaribu breki ndani ya uwanja kwa mwendo wa mtu anayetembea kabla ya kugusa lami.

Matairi yalikuwa na meno mazuri, mapya kabisa kwa macho. Tuliyatupa yote. Tairi huzeeka hata likiwa halijatembea. Ubavuni kuna nambari ya tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, hilo ni la kabla ya mwaka 2000. Angalieni nambari hizo hata kwenye matairi ya mitumba mnayouziwa kila siku.

Kutu tuliikata, hatukuifunika. Bati jipya lilichomelewa sakafuni upande wa abiria na chini ya milango miwili, ndani tukapaka rangi ya kuzuia kutu, kisha puti nyembamba juu. Anayekuahidi kumaliza kutu kwa puti pekee anakuuzia miezi sita. Waswahili husema ukiona vyaelea, vimeundwa, na gari nalo ni hivyo hivyo: kilichofanya kazi ni kile kisichoonekana. Rangi tuliirudisha ile ile nyeupe ya asili.

Spea hazikuwa tabu kama nilivyoogopa. Pikapu za 504 zilienea sana nchini na nyingi zimekwishavunjwa, kwa hivyo vifaa vya injini na gia hupatikana kwa wauza spea za mitumba. Vigumu ni vya urembo: taa za nyuma, raba za milango, vishikio. Hivyo visikutoke wakati wa kununua. Gari ambalo halina taa wala vioo vyake, punguza bei au liache.

Kuhusu pesa, kanuni yangu sasa ni mafungu matatu yanayolingana. Fungu moja la kununua, moja la kutengeneza, na moja ulifiche usimwambie hata fundi, kwa sababu litahitajika. Mimi sikuficha la tatu, ndiyo maana gari lilisimama miezi miwili likingoja sili nilipokuwa sina kitu.

Unamtengenezea nani?

Gari la kumpa mzee si gari la maonyesho. Mjomba ana miaka zaidi ya sabini na jicho moja limefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Kwa hivyo tuliinua kiti cha mbele kidogo ili asiingie kwa kujitupa, tukaweka mikanda ya usalama mbele na nyuma ambako haikuwepo, na vioo vya pembeni vikubwa. Tulilipeleka kukaguliwa, tukalikatia bima ya mtu wa tatu ambayo ni lazima kisheria. Na tulikubaliana mapema, kwa heshima, kwamba usiku na barabara kuu atakaa kiti cha abiria. Mambo hayo yazungumzwe kabla ya siku ya kukabidhi. Ukimpa mzee ufunguo kisha ukamnyang'anya, umemvunjia hadhi, bora usingempa.

Likabaki moja: jina. Ndugu zangu walinishauri logbook ibaki yangu. Walisema, mjomba ni mtu mzima, ana watoto wake wanne, akifariki gari hilo litakwenda kwao, na wewe mtoto wa dada hurithi kitu. Hesabu yao ni sahihi. Mjomba akiwa na wana wa kiume, mimi simo kwenye faraidhi.

Nilifikiri usiku kadhaa. Lakini hiba haitimii mpaka mtu akabidhiwe kitu kikawa chake. Ningebaki na jina, ningekuwa nimemuazima gari, sijampa. Na kama ningetangulia mimi, wanangu na mjane wangu wangekuwa wanadaiana na mjomba juu ya gari ambalo yeye anaamini ni lake. Tungekuwa tumerudi kwenye banda lile lile la mabati.

Basi gari limeandikwa kwa jina lake. Siku ya kulikabidhi alilizunguka mara moja, akafungua boneti, akaniambia niliwashe. Alisikiliza, akasema, "Platini zimekaa karibu mno, muite fundi." Fundi akapima, ikawa kweli. Hakusema neno jingine siku ile kuhusu gari.

Wiki iliyofuata aliwaita watoto wake wote wanne, na mimi nikiwepo. Alileta bahasha yenye logbook, hukumu ya mirathi ya familia tuliyonunua kwao na karatasi ya mauzo. Akawaambia gari ni lake, limetoka kwa nani, na siku akiondoka ni la kugawanywa siku arubaini hazijapita, lisiachwe uani. Kisha akamkabidhi bintiye mdogo bahasha aiweke, na ufunguo akautia mfukoni mwake mwenyewe.

Kama nyuma ya nyumba yenu kuna gari limefunikwa turubai, anzeni na mkutano wa namna hiyo. Betri itafuata.